Kempa, Kambi na Reki ya Mzee Walt

Juzi mtu alikuja nyumbani kwa baba, Jeffersontown, kuangalia friji tuliyoitangaza mtandaoni. Aliikagua friji, akaifungua na kuifunga, kisha macho yake yakahamia ukutani mwa gereji. Akauliza ile fimbo ndefu ni ya nini. Nikamwambia si fimbo, ni reki ya kuvutia theluji kutoka juu ya paa. Akasema Louisville hapa hatuna theluji ya kuhitaji kitu kama hicho. Nikakubaliana naye. Akasema basi nimpe bei. Nikamwambia haiuzwi.

Wanaonijua wangedhani ninaumwa. Mimi huuza chochote. Niliwahi kuuza koti nikiwa nimelivaa, nikarudi nyumbani natetemeka lakini nimeridhika. Reki hiyo, hapana.

Alipoondoka na friji yake niliishusha. Ina vipande vitatu vya bomba la alumini vinavyochomekana, na mwishoni kuna ubapa mpana wenye vigurudumu viwili vidogo, ili usikwaruze paa. Niliunusa ule ubapa, kwa kuwa gerejini hapakuwa na wa kunicheka. Una harufu ya chuma kilicholowa, na kwa mbali vitunguu vya sambusa. Vitunguu pengine naviongezea mwenyewe.

Mimi nilizaliwa kambini, upande wa Kigoma, kwa wazazi Warundi ambao nao walikulia humo humo. Niliondoka mdogo mno, kiasi kwamba kambi niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya kuazima, imeshonwa kwa maneno ya watu wazima: foleni ya maji, turubai juu ya fito, siku ya posho, na siku ya kuhesabiwa. Siku ya kuhesabiwa ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Bibi alisimulia kwamba siku hiyo mgonjwa alibebwa, aliyejifungua aliamshwa, kila mtu akatoka nje ya kibanda chake akapanga mstari, kwa sababu asiyeonekana mbele ya meza alifutwa, na aliyefutwa hakula. Siku nyingine zote hukuruhusiwa kukiacha kibanda peke yake. Ukirudi, ungekuta turubai lako liko juu ya fito za mtu mwingine.

Jina langu ni Ester. Bibi peke yake aliniita Wapili. Na hapo ndipo hesabu zangu zilipoanza kuwa na matatizo, kwa sababu mimi ni mtoto wa kwanza. Ndugu yangu Amosi alinifuata, tena alizaliwa Louisville. Nilipiga hesabu, nikairudia. Kama mimi ni wa pili, na hakuna aliyenitangulia, basi kuna mmoja hayupo. Jibu lilikuja lile lile mara zote mbili: nilikuwa na pacha, na pacha wangu alisahauliwa kambini.

Sikumwuliza mtu. Ungeanzia wapi? Watu wazima waliosahau mtoto hawakumbushwi mezani wakati wa kula.

Nilikuwa na miaka tisa Baba mdogo Elia alipopiga simu kutoka Buffalo kuhusu arusi yake. Simu ilikuwa juu ya meza, sauti imefunguliwa, na baba alikuwa anavua viatu vya ghalani.

"Nafasi ipo, kaka," Baba mdogo alisema. "Nyie mtalala juu kwangu. Mama hawezi zile ngazi, yeye atalala kwenye kempa."

Mimi nilisikia kambi. Baba naye alisikia hivyo hivyo, maana aliuliza, "Kambi ya nani tena, Elia?" Lakini jibu halikunikuta. Nilikuwa nimeshakimbilia chumbani kufungasha. Niliweka vijiko viwili, miswaki miwili, glavu jozi mbili, na soksi nyingi kwa mbili mbili. Mama alipoona begi akauliza hivi vyote vya nini. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba ni spea. Mama akaridhika. Nyumbani kwetu spea ni jambo linaloheshimiwa.

Tulipita Columbus kumchukua Bibi, aliyekuwa akiishi kwa shangazi huko Gahanna, mahali ambapo ndege hupita chini hadi vikombe vinazungumza kabatini. Bibi alikuwa ameketi mlangoni tayari, sanduku moja, mkoba mmoja, kitenge kimoja mwilini na kingine begani. Nilimsogelea sikioni.

"Bibi, tunakwenda kambini?"

"Ndivyo Elia anavyosema," alijibu, kwa uso ambao mpaka leo sijui ulikuwa wa kucheka au wa kununa.

Kempa ilipoonekana nyuma ya nyumba ya Baba mdogo, nilivunjika moyo. Ilikuwa sanduku jeupe lenye mstari wa kahawia, juu ya magurudumu manne, refu kama basi lililokatwa nusu. Aliinunua kwa mwenzake wa kiwandani, akaiunganishia umeme kwa waya kutoka nyumba kubwa. Nilihesabu milango: mmoja. Vitanda: viwili. Nilichungulia chini ya kila benchi. Hakukuwa na mtu. Nikajifariji kwamba arusi ilikuwa Jumamosi na sisi tulifika Jumatatu; labda watu wa kambini walikuwa bado njiani.

Bibi aliipenda palepale. Mlango mfupi, jiko la kufikia bila kusimama, dari ya kugusa kwa mkono. "Hii ni nyumba," alisema, akapanga vitu vyake kwa namna ya mtu asiyekusudia kuvipangua. Hita ikawashwa, na sisi wengine tukapanda ghorofa ya tatu tukiona wivu.

Usiku huo theluji ilianza. Nisiseme ilianguka. Kule Buffalo, kwa upepo wa lile ziwa, theluji haianguki, inahamia. Ilikuja na mizigo yake yote ikakaa siku mbili. Magari yaligeuka vichuguu. Baba na Baba mdogo walichimba handaki kutoka mlango wa nyuma hadi kempani, kuta zake zikanizidi kimo, na mimi ndiye niliyetumwa na chupa ya chai kwa kuwa nilipita bila kugusa kuta. Niliiona juu ya kempa ile theluji, nyeupe, nene, imevimba kingoni kama mkate uliozidi hamira. Nilidhani inapendeza.

Siku ya tatu mbingu zikanyamaza, na jirani akatokeza kichwa juu ya uzio. Alikuwa mzungu mzee, Walt, aliyekuwa ameishi na makempa maisha yake yote, na sikio moja halisikii vizuri. Hakujua Kiswahili, na Kiingereza cha mama kilikuwa cha kazini tu, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Alisema mchana mvua itanyesha.

"Mwambie afadhali mvua, itatuyeyushia," mama akasema.

Nilipomwambia, Mzee Walt alitikisa kichwa. Sasa hivi, alisema, hiyo ni pamba juu ya paa. Mvua ikinyesha haitaiyeyusha, itainyonyesha. Itakuwa pamba iliyolowa, na paa la kempa ni vijiti vyembamba na mpira juu yake. Kisha akauliza mlango unafungukaje.

Mama akakumbuka kwamba tangu asubuhi mlango ulikuwa unataka kusukumwa kwa bega.

"Mlango ukikataa," alisema Mzee Walt, "ujue ni paa linaongea."

"Anasema paa linaongea," nikatafsiri.

Kutoka ndani tukasikia sauti ya Bibi: "Limeanza tangu jana. Nilidhani mnalisikia."

Hapo ndipo baba alipobadilika rangi. Akainama mlangoni. "Mama, toka. Paa litaanguka."

"Halijaanguka."

"Litaanguka mvua ikija. Twende jikoni kwa huyu mzee, kuna joto, hakuna ngazi."

"Nyinyi mnaita hapa kambi," Bibi alisema. "Mimi kambi naijua. Kibanda cha kambini hakiachwi. Nimeacha nyumba mara mbili maishani, na mara zote mbili niliambiwa ni kwa siku chache. Ya tatu sitoki."

"Kempa, Mama," Baba mdogo Elia akalia nyuma ya baba. "Kem-pa! Siyo kambi!"

"Jina linatosha," alijibu Bibi.

Mama Furaha, Mkongo wa ghorofa ya chini aliyekuwa amekuja kupika sambusa za arusi, alifika na mwiko mkononi, akasikiliza, akatoa ushauri. "Bon. Donc nyumba iko na magurudumu, juu ya nini hatuisukume tu?" Tukayatafuta magurudumu. Yalikuwa chini kabisa, kwenye barafu. Mama Furaha akarudi jikoni.

Kisha tukasikia kishindo ndani. Tukachungulia dirishani. Bibi alikuwa amesimama katikati ya kempa, ameshika mpini wa dekio, anasukuma dari kwa chini. Wazazi wangu waliliona jambo hilo wakaelewa bila maneno. Kambini maji ya mvua yakijaa juu ya turubai, ndivyo ulivyofanya: unasukuma kwa mti kutoka ndani, maji yanamwagika kando, unarudi kulala. Bibi alikuwa anafanya kazi yake. Akajaribu pembeni, akajaribu katikati, kisha akaulenga mfuniko wa plastiki wa tundu la hewa juu ya jiko. Huo ulikubali. Ulivunjika, na theluji ya ndoo nzima ikashuka juu ya sufuria ya uji.

"Hili turubai gani lisilosukumika?" Bibi aliuliza.

Mzee Walt alikuwa ameleta reki yake. Alisema hakuna kupanda juu, hata mtoto. Unasimama chini, unavuta kidogo kidogo kutoka ukingoni, kulia kisha kushoto, paa lisielemewe upande mmoja, na unaacha theluji ya kimo cha kidole ili usichane mpira. Mama akaniambia, "Mwombe atuazime."

Sasa, kuomba sikujua. Nilijua kununua. Nikamwambia Mzee Walt kwa reki yake tutampa sambusa sita. Akasema hapana, hahitaji chochote. Nikaelewa bei ni ndogo. Nikapanda hadi nane. Akacheka akasema kwa kweli, hapana. Huyu mzee mgumu, nikawaza, na nikamheshimu. Nikafika kumi na mbili, za nyama, za moto. Akanyoosha mikono juu akasema sawa, kumi na mbili. Nilimgeukia mama nikiwa nimevimba kwa fahari. "Amekubali, lakini imetugharimu."

Tatizo ni kwamba, alipoiunga reki na kuiinua, aliishusha tena. Hatavuta hata kijiko kimoja cha theluji, alisema, mtu akiwa chini yake. Paa lililochoka linaweza kukatika wakati wa kutuliwa mzigo kama wakati wa kubebeshwa. Akatazama juu. Mawingu yalikuwa yamegeuka rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Baba akamsihi Bibi. Baba mdogo akamsihi, akamtaja bibi arusi, akamtaja Mungu. Mama akamsihi kwa sauti ya mkwe, yaani kwa upole na kwa mbali. Bibi alikuwa ameketi kitandani, mkoba mapajani, anatazama mbele. Niliona dari ilivyoshuka juu ya kichwa chake, kwa umbo la tumbo la mbuzi aliyeshiba. Kwa mara ya kwanza sikuona jambo hilo likipendeza.

Nikawaza kama mfanyabiashara. Bibi hatoki kwa kuombwa. Hatoki kwa kutishwa. Ni bei gani iliwahi kumtoa Bibi kibandani? Nikazirudia hadithi zake zote kichwani, kisha nikazirudia tena. Ilikuwemo moja tu.

Nikaweka mikono mdomoni nikapaza sauti: "Bibi! Wanahesabu!"

Baba aliganda na koleo mkononi. Ndani, kitanda kililia.

"Wapi?" Bibi aliuliza.

"Hapa nje! Mstari umeanza!"

Sijawahi kuona mwanamke wa magoti yale akifika mlangoni upesi vile. Mlango ulikwama, Baba na Baba mdogo wakauvuta hadi ukaachia, na Bibi akatoka na mkoba wake, kitenge kichwani, kidevu juu. Baba yangu si mtu wa maigizo, lakini siku hiyo alijua cha kufanya. Alichukua kifuniko cha boksi la sambusa akakishika kama daftari. Mama, na Amosi mgongoni, akapanga mstari handakini. Mama Furaha akaitwa akapanga. Mzee Walt hakuelewa kitu, lakini alipoona watu wamepanga mstari naye akapanga, kofia mkononi.

"Jina?" baba akauliza.

"Jina unalijua. Nimekuzaa."

"Utaratibu ni utaratibu, mama. Jina?"

"Melania," alisema Bibi, amesimama wima kama msumari. Baba akaandika kwa kidole kwenye kifuniko. "Pita." Bibi akapita. Mama akahesabiwa, Amosi akahesabiwa, Mama Furaha akahesabiwa akilalamika kuwa mafuta yake yanaungua, na Mzee Walt akahesabiwa kwa jina la Wati.

Nami nilikuwa nakaribia meza ambayo haikuwepo, Bibi aliponishika mkono. Alikuwa amezunguka nyuma ya gari lililofukiwa. Alikuwa amekigeuza kitenge ndani nje na kukifunga kichwani kwa namna nyingine kabisa. Akajaribu kuniweka mgongoni; nilikuwa na miaka tisa na mabuti, ikashindikana; basi akanivuta ubavuni mwake, akaingia mwisho wa mstari kwa mara ya pili, macho chini, mtu mgeni kabisa.

Baba mdogo Elia alianguka kwenye theluji. Alicheka mpaka tukamwona viatu tu. Baba alijitahidi, akauma midomo, akauliza, "Jina?" na sauti ikamkatikia njiani.

"Mnacheka nini?" niliuliza.

Mama alikuwa anajifuta machozi kwa glavu. "Ndivyo alivyofanya na wewe, mwanangu. Ulihesabiwa mgongoni kwangu, ukaandikwa Ester. Bibi akakutoa, akazunguka, akakuweka mgongoni kwake, akaingia mstari wa pili. Mwenye daftari akauliza, mtoto huyu naye ni nani? Bibi hakuwa ameandaa jina. Akababaika akasema, wa... wa pili. Yule bwana akaandika hivyo hivyo."

"Maharage ya watu wawili," alisema Bibi, bila aibu hata punje. "Ungekuwa umejaa hivyo?"

Nilisimama nikaihesabu habari hiyo, nikairudia. "Kwa hiyo hakuna mtoto aliyebaki?"

"Abaki wapi?"

"Kambini."

Bibi alinitazama, na nadhani alisoma yote, vijiko, miswaki, kuchungulia kwangu chini ya mabenchi. Hakucheka. Aliniwekea kiganja kichwani. "Mlikuwa wawili, mkaondoka wawili. Mimi sikuacha mtu."

Baadaye, tukimpeleka jikoni kwa Mzee Walt, baba alimwuliza kama alijua ni mchezo. "Nilijua tangu sauti ya huyu," alisema. "Lakini miguu haijui mchezo. Ilishasimama."

Mzee Walt na baba wakapokezana reki. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Theluji ilishuka kwa vipande vikubwa kama magodoro, kila kimoja kikitua kwa pumzi nzito, na mimi nilihesabu kila mvuto kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili kuwa na uhakika. Walipomaliza upande wa pili, kempa yenyewe ilijiinua juu ya springi zake. Niliiona. Ilipanda kidogo, ikatoa mlio, kama mtu anayetua ndoo kichwani. Baba akajaribu mlango. Ulifunguka kwa kidole kimoja.

Tone la kwanza liliniangukia puani wakati Baba mdogo anabandika mfuko wa plastiki juu ya tundu la hewa. Ilinyesha mpaka jioni. Ng'ambo ya barabara banda la baiskeli la watu fulani, lisilokuwa na mtu ndani, lilikaa chini taratibu na theluji yake kichwani. Bibi aliliona dirishani kwa Mzee Walt. Akamega sambusa. "Haya," alisema. "Mara hii mlisema kweli." Kulipokauka alirudi kempani, akagusa dari kila kona, akakuta hakuna aliyeiba kitu.

Arusi ilifanyika Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, barabara zimefunguliwa nusu, bibi arusi na mabuti chini ya gauni. Mzee Walt alikuja amevaa tai. Alikuwa ameshakula sambusa zake kumi na mbili na akawa anarudi mezani bila mkataba, kwa hiyo nikamkumbusha kwamba kila ya ziada ina bei. Akaniuliza bei gani. Nikamwambia reki. Safari hii hakubisha hata mara moja, na mpaka leo nahisi ningeweza kupata na koleo.

Chakula kilipokwisha, Mama Furaha alitoka jikoni amekasirika, ana karatasi. "Batu ni sabini na mbili. Sahani zimetoka sabini na tatu. Donc nani amekula mara mbili?"

Nilikuwa nyuma ya kiti cha Bibi, sahani mbili miguuni, kijiko kila mkono.

Bibi hakuinua hata kichwa.

"Hakuna aliyekula mara mbili," alisema. "Hesabuni tena."